Viwiko vya Sabrin na Ndunge

Mimi ni mtu wa shoto, na makosa yangu yote yalianzia hapo. Ningekuwa naandika kwa mkono wa kulia kama walimu wenzangu, nisingejishughulisha na viwiko vya watoto wa watu, na Ndunge angekuwa darasani leo akinichosha kwa maswali.

Nafundisha hesabu katika shule moja ya upili huku Tseikuru. Jina langu ni Kanyiva. Wanafunzi wananiita Madam, na wakidhani siwasikii wananiita Kipimapembe, kwa sababu napandwa na mori nikimwona mtu anachora pembe kwa kukisia. Hasira ninazo, sikatai. Tena mtu akianza kunieleza jambo ninalodhani nalijua, masikio yangu yanajifunga yenyewe. Mume wangu alishazoea, na wanafunzi hawana la kufanya.

Nilipokuwa shule ya msingi tulikaa wawili wawili, dawati moja. Mimi niliwekwa upande wa kulia, na kijana aliyeitwa Mulinge akawekwa upande wa kushoto. Yeye aliandika kwa mkono wa kulia, mimi kwa wa kushoto, kwa hiyo mikono yetu ya kuandikia ilikutana katikati, kiwiko kwa kiwiko, kutwa nzima. Akikaza kalamu yake, yangu inaruka. Daftari langu lilijaa mikwaruzo, na aliyechapwa kwa uchafu ni mimi, si Mulinge. Miaka mitano mizima hakuna mtu mzima aliyefikiria kutuambia tubadilishane nafasi. Niliondoka na kinyongo hicho nikaenda nacho chuo cha ualimu, nikarudi nacho.

Sasa fikiria nilivyojisikia mwaka jana, nilipoingia kidato cha tatu na kukuta wasichana wawili wamekaa vilevile.

Mmoja ni Sabrin, binti wa Abdisamad anayenunua na kuuza mbuzi na ngamia hapa mjini. Sabrin anakula kwa mkono wa kulia, anasalimia kwa wa kulia, na akikupa daftari anakupa kwa wa kulia kwa adabu zote. Kuandika tu ndiko anakotumia wa kushoto, tena anaukunja mkono juu ya mstari, maneno yanatokea chini yake. Wa pili ni Ndunge. Kwao ni Nuu, lakini alikuwa anaishi hapa kwa shangazi yake ili asome. Alikuwa msichana mrefu, mpole, mwenye maswali yasiyoisha, na kwao hakuna aliyewahi kumaliza kidato cha nne. Yeye alitaka kumaliza. Hilo alilisema kila mara, hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza.

Dawati lao lilikuwa la tatu kutoka mbele. Sabrin alikaa kulia, Ndunge kushoto, madaftari yao yakikaribia kugusana katikati. Viwiko vilikuwa vinagongana wazi mbele ya macho yangu, mimi niliyevijua viwiko hivyo kuliko mtu yeyote Kitui nzima.

"Badilishaneni nafasi," niliwaambia. "Sabrin aje kushoto, Ndunge aende kulia. Kila mtu atakuwa na uwanja wake."

"Ni sawa tu, Madam," alisema Ndunge. "Hatusumbuani."

"Sijauliza kama mnasumbuana. Nimesema mbadilishane."

Wakabadilishana. Kesho yake niliwakuta wamerudi vilevile. Nikawahamisha tena, wakarudi tena. Mara ya tatu niliwasimamisha kipindi kizima, nikasema huo ni ukaidi, na kwamba kuna watu tulioteseka miaka mitano tukiomba nafasi hiyo wanayoikataa. Walisimama wakatazama chini.

Madawati yale yalikuwa yamezeeka. Mengine yalikuwa yamefungwa kwa waya, mengine yakiegemea ukuta ili yasianguke. Wazazi walipokubali kutengeneza viti vipya kwa kidato cha tatu, mwalimu mkuu aliuliza nani atasimamia. Mkono wangu ulipanda kabla hajamaliza swali, na bila shaka unajua ni mkono upi.

Nilichora mwenyewe. Kila mwanafunzi kiti chake peke yake, na kwenye kila kiti kibao cha kuandikia kilichoshikiliwa upande mmoja. Wanaoandika kwa kulia, kibao upande wa kulia. Wenye shoto, kibao upande wa kushoto. Nilichora kwa rula na penseli kali, nikaandika vipimo vyote, nikamaliza karatasi nne. Sijawahi kufurahia kazi kama ile.

Shida ya kwanza ilikuwa hesabu yenyewe. Niliwaambia darasa: "Wanaotumia mkono wa kushoto, inueni." Wakainua wawili, tena mmoja akaushusha wenzake walipomcheka. Huku kwetu huwezi kumpa mtu mzima kitu kwa mkono wa kushoto ukabaki na sifa njema, kwa hiyo nani atasimama kujitangaza? Basi nikangoja siku ya jaribio, nikapita katikati ya madawati nikihesabu mikono bila kuuliza mtu. Nilipata sita. Nilijiona mjanja sana kwa kujua kuhesabu bila kuuliza.

Fundi wetu alikuwa Kitheka, mwenye karakana karibu na soko la mbuzi. Alizigeuza karatasi zangu akapiga mluzi.

"Madam, hii imechorwa kama ya Nairobi," alisema. "Sasa niletee mtoto mmoja hapa nimpime, nijue kibao kikae juu kiasi gani."

"Watoto wako darasani. Nipime mimi."

Akanikalisha kwenye stuli, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko changu. Viti vyote arobaini na vinne vilitengenezwa kwa kiwiko changu.

Vilikuja mwanzoni mwa muhula wa tatu, vikinuka vanishi. Vile sita vya kushoto nilivipanga safu moja kando ya dirisha, ili vibao visizibe njia. Vingine nilivipanga kwa urefu wa wanafunzi, wafupi mbele, warefu nyuma. Ndunge akaangukia safu ya nyuma karibu na mlango, upande wa pili kabisa kutoka kwa Sabrin. Siku ya kuvizindua tulikuwa na maombi na soda. Mgeni mmoja kutoka ofisi ya elimu alikalia kiti cha kushoto bila kujua, akatafuta pa kuwekea kitabu cha wageni upande wa kulia, akakosa, tukacheka hadi machozi. Alipokuja kusimama kuhutubia alisema kwamba Madam Kanyiva amewakumbuka wanaosahaulika. Nilikuwa na furaha kiasi cha kuisahau soda yangu.

Daftari la Sabrin lilitulia kweli. Mistari ilinyooka, mikwaruzo ikaisha. Nililionyesha katika chumba cha walimu, nikalipitisha mkono kwa mkono. Daftari la Ndunge sikulitazama, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa shoto na katika akili yangu hakuwa na shida yoyote.

Katika muhula wa pili Ndunge alikuwa amepata sitini na moja katika hesabu. Jaribio la kwanza baada ya viti vipya alipata thelathini na nane. La pili, ishirini na nne. Karatasi zake za majibu zilikuwa na mistari iliyoanza ikakatika, tarakimu zisizokuwapo ubaoni, nane zilizokuwa tatu. Maswali yake yaliisha. Alikaa kule nyuma amekunja macho, na mimi nilidhani anasinzia.

Nilipaswa kumwita pembeni. Kila nikikumbuka siku ile najiuliza ningepoteza nini kwa kumwita pembeni. Badala yake nilisimama mbele ya darasa na karatasi yake mkononi, nikasema: "Ndunge, sasa tumejua. Tulipokutenganisha na daftari la Sabrin ndipo tulipojua akili zilikuwa za nani."

Darasa lilicheka. Si wote, lakini walitosha. Sabrin aligeuka akamtazama Ndunge, kisha akanitazama mimi, na macho yake hayakuwa na adabu hata kidogo. Ndunge alichukua karatasi yake kwa mikono miwili akasema, "Asante, Madam," akarudi kiti chake cha nyuma.

Wiki iliyofuata hakuja. Shangazi yake akatuma ujumbe kwamba amerudi kwao Nuu, anajisikia vibaya. Siku kumi zikapita.

Ndipo Sabrin alipokuja katika chumba cha walimu, saa ya chakula, nikiwa peke yangu na githeri yangu. Alisimama mlangoni kwa muda.

"Ingia au toka," nilimwambia.

Akaingia. "Madam, Ndunge haoni ubao."

"Haoni vipi?"

"Haoni tu. Kitu ikiwa karibu anaona poa. Ikiwa mbali ni ukungu. Tangu Form One. Alikuwa anasoma kwa daftari yangu. Mimi naandika, mkono yangu ikiwa juu, yeye anaona mstari hapo chini anaandika. Hesabu alikuwa anafanya mwenyewe, Madam. Mara mingi mimi ndio nilikuwa nakopi majibu yake. Swali tu ndio hakuwa anaona."

Niliweka kijiko chini. Nikaliona dawati lile upya. Sabrin kulia, mkono wake wa kushoto katikati. Ndunge kushoto, mkono wake wa kulia katikati. Madaftari mawili yakikaribia kugusana. Walikuwa wamekaa vile kwa makusudi, mchana kutwa, miaka miwili na zaidi, wakivumilia viwiko vyao, kwa sababu hapo tu ndipo daftari la mmoja lingekuwa mbele ya macho ya mwingine. Na kila nilipowabadilisha nafasi nilikuwa nayatenga madaftari yale ncha mbili za dawati. Kisha nikamwita fundi, nikayatenga kwa upana wa darasa zima.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Aliniapisha," alisema. "Hataki kwao wajue. Ni hiyo tu. Tafadhali Madam, wasijue."

"Kwa nini wasijue?"

"Hakuniambia. Alisema tu nyumbani wasijue."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Ndani yangu nilikuwa nimeshalitupa ombi lile. Mtoto haoni mbali, anahitaji miwani, miwani inahitaji mzazi, na mzazi anahitaji kuambiwa. Hoja ilikuwa imenyooka kama mlinganyo. Nikampigia simu rafiki yangu muuguzi wa macho, akasema nimlete Ndunge wakati wowote, atampima. Nikapanga kwamba atakaa mbele kabisa, karibu na Sabrin, hata kama itabidi nivunje safu zangu. Nilikuwa nimetengeneza kila kitu, na kusema kweli nilianza kujisamehe kabla sijafika Nuu.

Nilienda Jumapili, nikafika kwao watu wakiwa wametoka kanisani. Baba yake, Muindi, alinipokea langoni akiwa bado na tai. Mama yake, Mbinya, alinikumbatia akaniita mwaitu, yaani mama, kwa heshima ya wageni. Chini ya kivuli cha paa kulikuwa na kijana wa kama miaka ishirini na tano anasokota kamba ya katani. Kaka yake Ndunge, Kimeu. Nilimpa mkono, naye akautoa wake ukapita kando kidogo, tukatafutana, tukasalimiana. Sikulifikiria. Nilikuwa na mambo yangu kichwani.

Ndunge aliponiona aliniamkia akaenda jikoni kuandaa chai. Muindi akaomba, ombi refu lenye shukrani nyingi kwa ajili ya walimu, tukaketi.

"Mwalimu, tunashukuru umekuja mpaka hapa," alisema. "Huyu msichana alikuwa amechoka tu. Hatukumlazimisha. Lakini juzi alikuja mwenyewe akasema, baba, nataka kurudi. Nimeshaongea na shangazi yake. Jumatatu anarudi shule. Kesho hivi."

"Kesho?"

"Kesho. Nguo imeshafuliwa, iko hapo kwa waya."

Niligeuka nikaiona sare yake inaning'inia juani. Hapo ndipo nilipopaswa kunywa chai yangu, nikaomba samahani kwa maneno yangu ya darasani, nikaondoka. Msichana alikuwa anarudi. Nililokuja kulitafuta lilikuwa limeshapatikana bila msaada wangu.

Lakini nilikuwa nimekuja na habari zangu nzuri. Nilikuwa na muuguzi, nilikuwa na kiti cha mbele, nilikuwa na toba iliyopangwa vizuri, na nilitaka vionekane.

"Nafurahi," nilisema. "Na mimi nimekuja kuwaambia kitu kitakachomsaidia. Tumegundua kwa nini alama zilishuka. Si uvivu. Ni macho."

Ndunge alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na chupa ya chai. Alitikisa kichwa, mara moja, polepole. Nilimwona vizuri. Nikadhani ni aibu ya msichana mbele ya wazazi, nikamtabasamia, nikaendelea. Nikaeleza habari ya ubao, ukungu, daftari la Sabrin, miaka miwili na zaidi. Nikasema ni jambo dogo, miwani tu.

Nilipomaliza Kimeu alikuwa ameacha kusokota. Mbinya alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Aiya," alisema kwa sauti ya chini. "Na huyu pia."

Muindi aliilegeza tai yake. Hakukasirika. Ningemshukuru kama angekasirika, maana hasira nazijua na ningeweza kubishana nazo.

"Kimeu," aliita. "Kuja hapa karibu na Mwalimu."

Kimeu akainuka, akaja akiwa amenyoosha mkono mbele, akagusa nguzo, akagusa mgongo wa kiti, akakaa. Ndipo nilipoyatazama macho yake kwa mara ya kwanza.

"Huyu alikuwa nambari moja," alisema Muindi. "Kitabu asubuhi, kitabu jioni. Kufika Form Two akasema ubao iko na ukungu. Vile tu umesema, hiyo neno yenyewe, ukungu. Mwalimu wake akasema ni jambo dogo, ni miwani. Tukampeleka, akapimwa, akavaa. Akafurahi, akasoma mara mbili ya vile alikuwa anasoma. Miaka miwili hivi, macho ikaisha kabisa. Nikasema kama ningejua mapema, ningemtoa kwa hizo kitabu na ingebaki hata nusu."

"Mzee, si kusoma kulikomaliza macho yake," nilisema. "Yake lazima yalikuwa ugonjwa mwingine kabisa. Kusoma hakupofushi mtu."

Nilieleza. Nilieleza vizuri, hatua kwa hatua, kama ninavyoeleza hesabu ngumu. Nilichora jicho kwenye karatasi. Nikasema daktari atampima na kuthibitisha. Muindi alisikiliza yote bila kunikatiza, akiitikia kwa kichwa kila nilipopumzika. Nilipomaliza aliichukua karatasi, akaikunja kwa uangalifu, akaitia mfukoni.

"Mwalimu, wewe unajua hesabu," alisema. "Mimi namjua huyu."

Akamwekea Kimeu mkono begani. Kisha akamgeukia mkewe akasema kwa Kikamba aitoe ile sare juani. Mbinya akainuka akaitoa kwenye waya, akaingia nayo ndani.

Nililia njiani, lakini hilo lilikuja baadaye. Kwanza Ndunge alinisindikiza. Tulitembea hadi penye barabara, ambako bodaboda ilikuwa inaningoja. Nikamwomba msamaha kwa yale maneno ya darasani. Nilisema yalikuwa mabaya, na kwamba hayakuwa ya kweli hata kidogo.

"Hayo nilisahau, Madam," alisema. Alikuwa anadanganya kwa heshima.

"Nitarudi kuongea na baba yako."

"Rudi. Atakusikiliza. Yeye husikiliza kila mtu." Akasimama. "Madam, mimi ningekuja kesho."

"Najua."

"Tulikuwa tumepanga na Sabrin kwa simu ya mama. Kile kiti kiko nyuma yake, kijana anayekaa hapo alikubali tubadilishane. Nikiinama mbele ningeona daftari yake juu ya bega."

"Lakini hivyo ni viti vya kushoto," nilisema. "Ungeandikaje?"

"Nilikuwa najifunza." Alinionyesha mkono wake wa kushoto. Pembeni mwa kiganja, pale mkono wetu sisi watu wa shoto unapofuta kile ulichoandika, palikuwa na wino. "Jina langu naandika sawasawa. Hesabu ndio inachelewa kidogo, lakini inasomeka."

Nimefundisha miaka kumi na tisa, na sikuwahi kumwona mwanafunzi aliyefanya kazi kubwa vile ili tu aone swali.

"Si ungeniuliza kwanza, Madam," alisema. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayekuonyesha hatua uliyoiruka katika hesabu. Kisha akaniaga akarudi, na kwa mbali nikamwona anajikinga jua kwa mkono akitafuta njia.

Nimerudi Nuu mara tatu. Mara moja nilikwenda na yule rafiki yangu muuguzi, mara moja na mchungaji wao. Muindi alitupokea kwa chai kila mara, akaomba kila mara, akasikiliza. Ndunge aliletwa, muuguzi akamwangalia macho palepale uani, akasema ni kutoona mbali tu, miwani itamtosha, na macho yatabaki mazima. Muindi akasema hata Kimeu waliambiwa hivyo. Mwalimu mkuu akazungumza na chifu. Chifu akaenda, akarudi akasema yule baba si mkatili, na kwamba hata yeye mwenyewe, kwa jinsi anavyomjua Kimeu, hakuwa na moyo wa kumlazimisha.

Sabrin sasa yuko kidato cha nne. Bado anaandika vizuri kwenye kiti chake cha dirishani, na hasemi nami zaidi ya inavyolazimu. Simlaumu. Wanafunzi wengine siku hizi nawauliza kila kitu, wanakaa wapi na kwa nini, wanaona nini, hadi wenyewe wameanza kunikwepa. Kiti cha nyuma karibu na mlango nimekiacha pale pale, na jina la Ndunge bado liko katika rejista yangu.

Wiki hii nilimpigia Muindi tena. Nilimwambia usajili wa mtihani wa mwisho unafungwa Ijumaa, na kwamba jina la Ndunge linaweza bado kuingia, hata kama atasoma akiwa nyumbani, hata kama atasoma kidogo tu. Nilisema nitakuja kumfundisha mwenyewe kwa mdomo, bila kitabu. Nilisema mengi. Alingoja nimalize, kama kawaida yake.

"Anaendelea vizuri, Mwalimu," alisema. "Hasomi kitu. Hata Biblia mama yake ndio anamsomea. Macho imepumzika sasa, haumwi hata kichwa."

"Mzee, tafadhali."

"Sisi tunakuombea kila jioni hapa nyumbani," alisema, na nilisikia kwamba maneno yanatoka moyoni. "Yule Kimeu hakuna mtu alituambia mapema. Huyu wewe ulikuja ukatuambia."